Kiranja Asiye na Daftari la Majina

Nimeudhika tangu Jumatatu ile shule zilipofunguliwa, na wifi yangu amechoka kunisikiliza, ameniambia niandike yaniishe. Haya.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu kwenye shule moja ya kata huku Muheza, mkoani Tanga, siitaji. Mwaka huu ni kiranja wa taaluma. Likizo nzima ya Juni, wenzake wakiamka saa nne au wakihangaikia vibarua vya kuchuma machungwa, yeye na viranja wenzake walikuwa wanakwenda shule ya msingi ya jirani kuwafundisha Kiingereza watoto wa darasa la tano na la sita. Bure. Hakuna mwalimu aliyewatuma. Walikwenda wenyewe kuomba darasa moja na ufunguo, mwalimu mkuu wa pale akawakubalia, chaki wakachangishana.

Sasa shule imefunguliwa. Mstarini, mwalimu wa zamu akasema ya nywele, akasema ya sketi fupi, akasema ya michango ya chakula. Kisha akawaita viranja wapite mbele. Mpwa wangu anasema moyo ulimdunda, akajua leo ndiyo leo, tunashukuriwa. Wakakabidhiwa daftari jipya la kuandika wachelewaji, na kiranja wa nidhamu akaongezewa fimbo ya mpera. Tawanyikeni.

Hongereni sana, viongozi wa kesho.

Wote tuliopita shule hizi tunaijua serikali ya wanafunzi inavyopatikana. Majina yanapelekwa ofisini, walimu wanayachuja, anayeuliza maswali mengi anakatwa, waliobaki wanapiga kampeni, tunapiga kura, halafu kura zinakwenda kuhesabiwa mahali tusipopaona. Anayetangazwa anapewa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Ukimwudhi umo kwenye orodha hata kama ulikuwa umelala. Ukimnunulia andazi jina linafutika. Huo ndio uongozi tunaowafundisha watoto kwa miaka minne, halafu tunakaa vijiweni kushangaa viongozi wetu wametoka wapi.

Na hiyo fimbo ya mpera. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, tena viboko visizidi vinne. Kiranja humo hayumo. Mtoto wa miaka kumi na sita anamchapa mtoto wa miaka kumi na minne, na watu wazima wanakunywa chai.

Lakini nilitaka kusema habari ya Juni, maana huko ndiko nilikoona kitu ambacho miaka yangu yote ya shule sikukiona.

Wiki ya kwanza darasa lilijaa. Watoto walikuja kwa udadisi tu, kuwatazama kaka na dada wa sekondari. Kiranja wa nidhamu, kijana mrefu mwenye sauti nzito, ambaye muhula ukiwa umefunguka akikohoa tu bweni zima linanyamaza, alisimama mbele akaanza kwa alivyozoea: kimya, mikono juu ya dawati, atakayeongea atanijua. Watoto wa darasa la tano wakamtazama. Mmoja akachukua daftari lake akatoka. Wa pili akamfuata. Ilikuwa likizo! Hakuna kengele, hakuna mwalimu wa zamu, nyumbani kuna machungwa ya kubeba kwa hela taslimu. Wamkalie huyu kwa sababu gani?

Wiki ya pili walibaki wachache, wengi wao wadogo zake viranja wenyewe.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mpwa wangu alikuja kwangu jioni amenuna, anataka niende nikazungumze na mwenyekiti wa kitongoji awalazimishe wazazi. Nilimwambia siendi. Basi wakakaa wenyewe chini ya mwembe wakagombana mpaka Magharibi. Kesho yake kiranja wa nidhamu, yule yule, akapita nyumba kwa nyumba. Hodi, shikamoo mama, naomba Salehe aje. Akina mama wakamhoji: mnawafundisha nini, mnataka hela ngapi, mbona mwanangu anasema mnawafokea? Akajibu. Sidhani kama kuna siku ya muhula aliyowahi kuulizwa swali na mtu aliye chini yake, akalazimika kulijibu kwa adabu.

Na masomo yakageuka. Wasichana wakaanza na rede uwanjani, idadi za kuhesabu zote kwa Kiingereza, anayehesabu kwa Kiswahili anatoka nje ya mchezo. Ndani ya darasa wakaachana na sarufi, wakachukua maswali halisi ya kidato cha kwanza, hisabati na baiolojia, wakafundisha maneno yale yanayowanyonga watoto wetu kila Januari: wanajua kukokotoa lakini hawajui wameambiwa wakokotoe. Watoto walirudi. Hawakurudi wote, na waliorudi hawakurudi kwa kuogopa.

Ndiyo maana nasema, na mwalimu wa zamu anisikie kama anasoma: muhula mzima wale hawakuwa wakiongoza kitu. Walikuwa walinzi wa walimu. Wameongoza Juni tu, pale ambapo mtu angeweza kuwageuzia mgongo akaenda zake, na wakalazimika kumpa sababu ya kubaki. Ukitaka kujua kama mtoto ana uongozi, mnyang'anye daftari la majina uone nani atabaki amekaa mbele yake. Likizo iliwanyang'anya daftari. Shule imewarudishia haraka sana, utadhani iliogopa wasije wakazoea.

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mjomba wetu mmoja aliuliza, "Huko kujitolea wanalipwa posho shilingi ngapi?" Nikamkumbusha kwamba baba yake alikuwa akisikia mbiu ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, anachukua jembe, haulizi posho. Kanijibu kwa kidole gumba. Haya mjomba.

Na kuna jambo linanichekesha kwa uchungu. Julai hii ya kufungua shule akitua kijana wa kizungu wa miaka kumi na minane, amelipa mamilioni ya shilingi kuja kupaka rangi ukuta mmoja wa darasa kwa wiki mbili, tunamwimbia, tunamvika kanga, mtendaji wa kata anatoa hotuba, picha zinapigwa. Sina ugomvi na huyo kijana, ukuta ulihitaji rangi. Ila hawa wetu waliotembea kwa miguu mwezi mzima, hata makofi matatu ya mstarini wamekosa.

Nitakubali mambo mawili, kwa shingo upande. La kwanza, likizo ni likizo, na mtoto anahitaji kupumzika. Hawa walikuwa wanafundisha asubuhi tu, na si kila siku, na ingekuwa zaidi ya hapo ningekuwa wa kwanza kupiga kelele. La pili ni zito zaidi. Kujitolea kwa watoto kusije kukawa kisingizio cha kutoajiri walimu. Najua jinsi ofisi zetu zinavyofikiri: pengo likizibwa na mtu wa bure, linafutwa kwenye taarifa. Kiranja wa taaluma si mwalimu wa Kiingereza, na asigeuzwe.

Lakini hesabu hii imfikie kila mzazi. Kwa mtaala mpya, watoto walioko darasa la tano sasa hivi watamalizia msingi darasa la sita, mwaka 2027, mwaka uleule ambao walio mbele yao watamaliza darasa la saba. Mikondo miwili itaingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Madawati tutayasikia sana, vyumba vya madarasa tutavisikia sana, wanasiasa watapiga nayo picha. Nani ameshafikiria habari ya lugha? Hao hao wa tano na wa sita ndio waliokuwa wanacheza rede kwa Kiingereza mwezi wa sita, na waliolifikiria jambo hili ni vijana ambao hawajafikisha umri wa kupiga kura.

Viranja wanataka kurudi tena Desemba. Wameandika barua ya kuomba ufunguo, chaki, na ruhusa ya kutumia vitabu vya maktaba ya shule yao. Barua iko mezani kwa mkuu wa shule, na iko pale tangu wiki ile ya kufungua. Kikao cha wazazi ni mwezi ujao. Wenzangu mnaotoka kata hii, najua mnakwenda kulalamikia michango, na mimi nitalalamika. Tukimaliza hilo naomba mtu mmoja zaidi yangu anyanyue mkono aulizie ile barua, maana nikisimama peke yangu watasema shangazi mtu anampigia debe mtoto wa kaka yake.