Daftari la dereva wa lori: saa zipi zihesabiwe Unguja na Pemba

Kutoka bandari ya Malindi hadi Nungwi ni kilomita 60 hivi, na dereva wa lori lililopakia saruji huzimaliza kwa muda wa saa moja na nusu njia ikiwa nyeupe. Ndiyo maana kila inapozungumzwa haja ya kumtaka dereva wa lori aandike saa zake za kazi na ukaguzi wa gari lake, kama wanavyotakiwa wenzake katika nchi nyingine, jibu la haraka hapa visiwani huwa ni kwamba kanuni hizo ni za watu wa masafa marefu, wanaotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuendelea mbele, na kwamba kisiwa unachoweza kukimaliza kabla ya adhuhuri hakina barabara ya kumchosha mtu. Jibu hilo lina ukweli, lakini limehesabu mzunguko wa gurudumu tu.

Tuzitazame kwanza kanuni zenyewe. Marekani humruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11 kwa siku baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, na humtaka apumzike nusu saa anapokuwa ameendesha saa 8. Umoja wa Ulaya una saa 9 za kuendesha kwa siku, na mapumziko ya dakika 45 baada ya kila saa 4 na nusu. Mkataba Namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, nao unaweka saa 9 kwa siku na 48 kwa wiki, na jirani yetu Kenya ameandika katika sheria yake ya usalama barabarani saa 8 ndani ya saa 24. Dereva wa Unguja akipimwa kwa vipimo hivi atafaulu vyote bila ya kujitahidi, na hapo mwenye kupinga daftari ataona ameshashinda hoja.

Lakini kanuni ya Marekani ina saa ya pili, isiyotajwa sana. Dereva akishaanza kazi, hata kama kazi yenyewe ni kusubiri karatasi au kusimamia wapakiaji, dirisha la saa 14 linafunguka, na likishafungwa haruhusiwi tena kushika usukani hata kama siku nzima ameendesha saa mbili tu. Tumchukue dereva anayelitoa lori nyumbani saa 11 alfajiri. Anafika bandarini saa 12, anasubiri kontena mpaka saa 7 mchana, anamaliza kupakia saa 8, anafika Nungwi saa 9 na nusu, na makuli wanamaliza kupakua saa 12 jioni. Ameendesha muda usiofika saa tatu. Saa 1 usiku, akiwa ndiyo kwanza anaikaribia Mahonda katika njia ya kurudi mjini, saa zake 14 zimekwisha, na gizani barabarani mna baiskeli zisizo na taa, ng'ombe wanaorudishwa nyumbani na watoto wanaotoka chuoni. Uchovu wa dereva wa visiwani hutokana na jua la foleni na kelele za upakuzi, na kipimo cha saa za kuendesha hakiuoni kabisa.

Kwa hiyo swali langu ni nani aandike, na aandike saa zipi. Hapa ipo habari ambayo wanaopigania daftari la dereva kwa kuiga ng'ambo huenda hawakuitarajia. Marekani yenyewe humsamehe dereva kujaza daftari la kila siku iwapo haendi mbali zaidi ya maili 150 za angani kutoka kituo chake cha kazi, yaani takriban kilomita 278, na anarudi kituoni na kuachiwa ndani ya saa 14. Ukichora duara la ukubwa huo kutoka Malindi, Unguja yote imo, Pemba yote imo, na Tanga na Dar es Salaam zimo pia. Kwa sheria hiyo, basi, karibu kila dereva wa lori wa Zanzibar angesamehewa daftari. Ila msamaha huo una upande wa pili: mwajiri hubaki na wajibu wa kuandika saa aliyoripoti dereva, saa aliyoachiwa na jumla ya saa alizofanya kazi, na kuzihifadhi kumbukumbu hizo kwa miezi sita. Kalamu imehama mkono, na mimi naona imehamia mahali pake.

Tajiri wa lori atakuwa na la kusema, na si haki kulipuuza. Matajiri wengi wana gari moja au mawili, hawana ofisi wala karani, na hawajui dereva ameamka saa ngapi kwa sababu wanachokijua ni hesabu inayoletwa jioni. Atauliza pia kwa nini yeye alaumiwe kwa saa saba za bandarini ambazo hakuzipanga. Hoja ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, kwani anayechelewesha mzigo hapati hasara yoyote kwa uchovu wa dereva. Hata hivyo, mfumo wa hesabu na malipo kwa tripu ndio unaomfanya dereva aone kila saa ya kupumzika kuwa ni fedha iliyomponyoka. Dereva anayelipwa kwa tripu ukimpa daftari ataandika kile kinachomwezesha kupata tripu nyingine.

Hilo limeshaonekana kwingine. Madereva wa Marekani walikuwa wakiyaita madaftari yao ya karatasi vitabu vya katuni, kwa jinsi yalivyojaa hadithi. Kuanzia Desemba 2017 serikali yao ikalazimisha kifaa kinachounganishwa na injini na kuandika saa chenyewe. Watafiti waliochambua takwimu za baada ya hapo walikuta kwamba kanuni za saa zilifuatwa zaidi, lakini ajali hazikuonekana kupungua, na makosa ya mwendo kasi yakaongezeka, hasa kwa kampuni ndogo. Mtu aliyefungiwa saa, na malipo yake hayajabadilika, hukanyaga mafuta. Kwa upande wa sheria, Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira Namba 11 ya 2005, na ile ya Bara ya 2004 haivuki bahari, lakini dereva anayeishi kwa hesabu bila ya mkataba wa maandishi ana kazi kubwa ya kuthibitisha kwanza kwamba ameajiriwa.

Kuna na jambo dogo ambalo lingeleta mzozo siku ya kwanza tu. Mtu akiandika "saa 2", ni asubuhi ya kwetu au ni usiku wa manane wa saa ya Kizungu? Na mwezi wa Ramadhani, ambapo kazi nyingi husogea baada ya futari na dereva hukatiza usingizi kwa ajili ya daku, daftari lenye siku inayoanza saa 6 za usiku litamkata usiku wake vipande viwili.

Ukaguzi wa gari ni habari nyingine, na hapo sina kusitasita sana. Pemba ni kisiwa cha vilima, na lori lililojaa likiteremka kuelekea Mkoani linategemea breki kuliko injini. Fomu ya ukaguzi ya Marekani hutaja breki, usukani, taa, tairi, honi, waipa na vioo, na kasoro ikiandikwa hutakiwa saini tatu: ya dereva aliyeiona, ya aliyeitengeneza, na ya dereva anayelichukua gari tena. Tangu Desemba 2014 dereva wa mizigo asiyeona kasoro halazimiki kuandika chochote, maana fomu za "hakuna kasoro" zilikuwa zimerundikana bila ya faida. Wapo wanaosema hapo ndipo mazoea ya kuangalia yanapokufa. Mimi naona utaratibu wa kuandika kasoro tu ndio unaotufaa, kwa sababu ndio pekee wenye nafasi ya kufuatwa.

Karatasi hiyo ina makali pande zote mbili. Breki zikikatika, tajiri hataweza kusema "hukuniambia". Lakini dereva aliyeandika breki mbovu asubuhi na akatoka na lori vilevile, kwa kuogopa kumpa mwengine nafasi yake, atakuwa ameandika ushahidi dhidi yake mwenyewe. Isipoambatana na haki ya kukataa safari bila ya kupoteza kazi, fomu itamwelemea aliye dhaifu zaidi. Na utingo, ambaye mara nyingi ndiye anayelala chini ya gari alfajiri na kuliona bomba la mafuta ya breki linavyovuja, hana mahali pa kutia saini katika fomu hiyo.