Mbona Huyu wa Nyuma Hapiti?

Nalipia kifurushi cha juu cha king'amuzi, kile chenye michezo yote, kile ambacho mwenye nyumba wangu akijua bei yake ataniuliza kodi iko wapi. Nalipa ili Jumapili saa kumi jioni nikae nitazame mbio za magari za Formula 1, binadamu wenye mbio kuliko wote duniani. Halafu naoneshwa nini? Foleni. Foleni ya Monaco, kale kanchi ka matajiri huko Ulaya, sawa, boti za mabilionea zimeegeshwa pembeni, lakini ni foleni! Ningetaka foleni ningekaa Ubungo bure.

Na foleni ningeivumilia. Nisichokivumilia ni Mama Zuhura. Anapita na beseni lake, anasimama mlangoni, anatazama raundi mbili, anauliza kwa upole wa mtu anayetafuta ugomvi: "Baba Zuhura, si ulisema huyu wa nyuma ndiye mwenye gari kali?"

Ndiye.

"Sasa mbona hapiti?"

Swali la maneno matatu. Jibu lake halitoshi Jumapili tatu.

Kwanza ni hewa. Yale magari ya Formula 1 hayashiki barabara kwa uzito wake, maana kilo kama 800 kwa mbio zile ni karatasi. Yanashika kwa sababu mabawa na sakafu yake yanaitumia hewa kuligandamiza gari chini, na kadiri unavyokimbia ndivyo linavyozidi kugandamizwa. Sasa gari la mbele likishaipasua hiyo hewa, likaichukua iliyo nzuri yote, linamtupia wa nyuma makombo: hewa iliyovurugika, inayozunguka hovyo. Aliyewahi kukaa nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi, lori likipata faida ya njia na yeye akimeza mchanga, hahitaji kuelezwa zaidi. Wa nyuma akiingia kona, bawa lake la mbele halina cha kushika. Gari linateleza. Likiteleza, matairi yanachemka. Yakichemka, yanateleza zaidi. Breki nazo zinapigwa joto la mwenzake. Raundi tatu nne hivi za ushujaa, kisha fundi anamwambia kwenye redio arudi nyuma, apooze matairi. Yaani mwanamume mzima mwenye gari bora anaambiwa apunguze mwendo ili asiharibu viatu.

Mama Zuhura anasema, "Kwa hiyo wa mbele hafanyi kitu?" Hafanyi kitu. Kazi yake ni kuwa mbele.

Na hili si la leo. Mwaka 1992, Monaco hapohapo, Nigel Mansell alikuwa ameshinda mashindano matano ya mwanzo wa msimu, anaongoza la sita. Zikabaki raundi chache, gurudumu likamletea wasiwasi, akaingia karakanani kubadilisha. Akatoka na matairi mapya, yuko nyuma ya Ayrton Senna mwenye matairi yaliyochoka. Mansell akaenda kulia, akaenda kushoto, akachungulia kila upenyo uliopo katika ule mji. Senna akalitanua gari kama lina mabega. Wakamaliza wakipishana sekunde 0.215, Senna mbele.

Na enzi hizo magari yalikuwa madogo! Mwaka 2017 wakayanenepesha hadi upana wa mita mbili, baadaye urefu ukapita mita tano na nusu. Barabara za Monaco nazo ni karibu zilezile zilizoanza kushindaniwa 1929, ukuta huku, ukuta kule. Weka mawili sambamba kwenye ile kona ya hoteli, ambako hata moja peke yake linageuka kwa kuombewa.

Ndiyo maana mwaka 2024 yakatokea ya kutokea. Ajali raundi ya kwanza, mashindano yakasimamishwa, sheria ikawaruhusu kubadilisha matairi papo hapo. Basi, matairi yakiwa yameshabadilishwa, hapakuwa na sababu ya mtu kuingia tena karakanani. Charles Leclerc, mtoto wa Monaco, akaongoza kwa mwendo wa kutunza matairi, na kumi bora wakamaliza kwa mpangilio uleule walioanza nao. Kumi wote! Nikaiona kama picha iliyoganda nikaenda kutikisa waya wa dishi. Max Verstappen, bingwa wa dunia wakati ule, akalalamika redioni kwamba inachosha, angekuja na mto wake wa kulalia. Yeye analipwa akiwa hapo. Mimi nimelipia.

Kuna watakaosema nimezidisha, Monaco ni Monaco. Haya, twende Abu Dhabi 2010, mashindano ya mwisho, barabara mpya ya kisasa iliyojengwa kwa fedha isiyohesabika. Fernando Alonso anaongoza msimamo wa ubingwa. Akaingia mapema kubadilisha matairi, akarudi nyuma ya Vitaly Petrov, kijana wa Renault aliyekuwa na msimu wake wa kwanza. Akakaa hapo karibu raundi 40. Ubingwa ukaenda kwa Sebastian Vettel, na Alonso baada ya bendera akampungia Petrov ngumi. Kosa la Petrov ni nini? Alikuwa njiani kwake anakwenda.

Wakubwa wakaona aibu. Mwaka 2011 wakaleta DRS: ukiwa nyuma ya mwenzako kwa chini ya sekunde moja pale wanapopimia, ukifika sehemu iliyonyooka unafungua bawa la nyuma, gari linapata mbio. Nikashangilia peke yangu sebuleni. Kumbe wa pili anamfungulia wa kwanza, wa tatu anamfungulia wa pili, wa nne anamfungulia wa tatu, na wote bawa likiwa wazi mbio zao ni zilezile. Hiyo wakaiita treni ya DRS. Nimelipia magari, naletewa treni.

Ikaja 2022. Wataalamu wakatoa hesabu: gari la zamani likiwa mita 20 nyuma ya jingine linapoteza asilimia 35 ya ule mgandamizo, likisogea hadi mita 10 linapoteza 46. Jipya, linalofyonzwa chini na sakafu yake, litapoteza 4, na kwa mita 10 litapoteza 18. Na kweli mwanzoni watu walifukuzana. Lakini mhandisi wa timu halipwi ili wa nyuma apumue. Akaongeza kijipembe hapa, kijibawa pale, kila kimoja kinamwongezea wa mbele mbio na kumchafulia wa nyuma hewa. Miaka mitatu baadaye tukarudi kwenye makombo.

Wenzetu wa Safari Rally kule Naivasha hawana hii kero. Magari yanaachiwa moja moja, kila mtu anapambana na saa, na vumbi la mwenzako unaachiwa muda litulie. Nilimweleza hivyo shemeji yangu, mwendesha bodaboda, alipokuja kula Jumapili ile ya Monaco 2025. Akacheka. Mwaka huo walikuwa wamelazimisha kila dereva atumie seti tatu za matairi, eti foleni ichangamke. Timu kadhaa zikamwambia dereva wao mmoja aendeshe polepole, azuie watu, ili mwenzake apate nafasi ya kuingia na kutoka. Dereva George Russell akanasa nyuma ya Alexander Albon, mmoja wa wazuiaji hao.

Shemeji akatazama, akaweka tonge chini, akasema, "Si akate tu ile kona, apite juu?"

Nikamwambia shemeji, ule ni mchezo wa kistaarabu, una kanuni, una wasimamizi, hawa si watu wa kupanda vibaraza. Sijamaliza sentensi, Russell huyo! Baada ya handaki akaikata kona, akatokea mbele ya Albon, na redioni akasema adhabu ataipokea. Wakamwadhibu kwa kumpitisha njia ya karakana kwa mwendo wa pole. Shemeji hakusema kitu. Akachukua mnofu wangu.

Sasa kuna kanuni za 2026. Gari limepunguzwa upana hadi mita 1.9, uzito kilo 768, DRS imefutwa. Mabawa ya mbele na ya nyuma yanajikunjua kwa kila mtu kwenye sehemu zilizonyooka, na aliye ndani ya sekunde moja nyuma ya mwenzake anapewa nguvu ya ziada ya umeme ili apite. Nikamweleza Mama Zuhura yote haya taratibu, kwa mikono, nikatumia na vikombe vya chai mezani.

Akavitazama vile vikombe.

"Na huyo wa mbele," akasema, "umeme wa kwake umekatika?"