Wito Si Jina la Upungufu wa Watumishi

Wiki iliyopita tulimuaga mwenzetu aliyeacha kazi ya uuguzi na ukunga baada ya miaka saba. Alikuwa ametoka zamu ya usiku asubuhi ileile, akalala kwa muda wa saa tatu tu, kisha akarudi alasiri akiwa amevaa kitenge tulichomchangia. Palikuwa na soda, keki na viti vya plastiki chini ya mwembe ulio nyuma ya wodi ya wazazi. Kiongozi mmoja akasimama kutoa neno la shukrani, na katikati ya shukrani hizo akasema kwamba kazi yetu ni ya wito, na kwamba wanaoondoka huwa hawakuwa nao tangu mwanzo. Mwenzetu aliinamisha kichwa akawa anatazama chupa ya soda aliyoishika. Sikusimama kumjibu kiongozi yule, na tangu siku hiyo usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Ninayoyaandika hapa ndiyo ambayo ningepaswa kuyasema pale chini ya mwembe.

Nianze kwa kukubali kwamba wito upo. Nimekaa leba miaka 19, na hakuna mshahara ambao peke yake ungenifanya nibaki. Anayebisha hajawahi kumpokea mtoto asiyelia. Unamfuta haraka kwa kitambaa kikavu, unamsugua mgongo, bado kimya. Unamlaza chali, unamvisha barakoa ndogo puani na mdomoni, unabana mfuko wa hewa huku macho yako yakiwa kifuani mwake kuona kama kinainuka. Kisha kidole kimoja kinakunjwa, rangi inaanza kubadilika kutoka kwenye midomo, na sauti nyembamba kama ya paka inatoka. Mama kule kitandani anauliza, "Sista, ni yeye huyo?" Unamjibu kwamba ni yeye. Mtu akishapitia jambo hilo mara moja, anajua kwa nini aliamka asubuhi, na hahitaji kuhubiriwa na yeyote juu ya maana ya kazi yake.

Lakini tutazame kazi hiyohiyo kwa hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayokosekana katika hotuba zetu. Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yalianza kutolewa nchini mwetu mwaka 2009, na katika hospitali 8 za Tanzania zilizofuatiliwa, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Ni mafanikio makubwa sana, na siri yake yote imo katika dakika moja: mtoto asiyepumua anatakiwa aanze kupewa hewa kabla dakika ya kwanza ya maisha yake haijaisha. Dakika hiyo inahitaji mikono miwili isiyokuwa na kazi nyingine. Ikiwa mkunga yuko peke yake, na mama aliyejifungua sasa hivi anatokwa na damu nyingi, mikono hiyo itatoka wapi? Maarifa anayo, vifaa viko mezani, wito umejaa tele, na bado lazima achague amwendee nani kwanza.

Turudi nyuma kidogo, kabla mtoto hajazaliwa. Patografu, ile karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu ambayo kila mkunga ameifanyia mtihani chuoni, inatutaka tusikilize mapigo ya moyo wa mtoto kila baada ya nusu saa, kwa dakika nzima, na vilevile tuhesabu uchungu kila nusu saa kwa dakika 10, mkono ukiwa umetulia juu ya tumbo la mama. Mama mmoja, basi, anahitaji dakika 22 katika kila saa kwa mambo hayo mawili tu, kabla ya kumpima shinikizo la damu, kumtundikia dripu, kumpeleka msalani, kumpokea mwingine aliyeletwa na bodaboda mlangoni, au kumsaidia anayesukuma. Wakiwa sita, na usiku wa sita si usiku wa ajabu, zinahitajika dakika 132 katika saa yenye dakika 60. Hesabu hii haihitaji profesa. Mtoto wa darasa la nne akipewa swali hili atajibu kwamba haiwezekani, lakini watu wazima wenye vyeo wanatujibu kwamba tuwe na moyo.

Kinachotokea wakati jambo lisilowezekana linapoagizwa kila usiku ni kwamba karatasi hujazwa baadaye. Mama akishajifungua salama, mkunga anaketi alfajiri, macho mekundu, anaweka nukta mahali ambapo nukta zingepaswa kuwa, anaziunganisha kwa mstari, na faili linapendeza. Nimeshawahi kufanya hivyo. Ninaliandika hili kwa uchungu, kwa sababu siku ya kwanza nilipofanya nililia nikiwa kwenye daladala, na siku ya ishirini sikulia. Hapo ndipo ninapoona hatari yenyewe. Uchovu wa mwili huisha mtu akilala. Kinachomwondoa mtu kazini ni kuzoea kufanya nusu ya kile anachokijua, usiku baada ya usiku, huku akiambiwa kwamba nusu nyingine ni upungufu wa moyo wake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali ya kuishiwa nguvu kazini kuwa ni jambo linalotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa ipasavyo. Chanzo kilichotajwa ni kazi, si udhaifu wa mfanyakazi.

Najua wasomaji wengi wa kike wana la kunijibu hapa, na ninalikubali japo linaniuma: ziko kauli leba ambazo hakuna uchovu unaoweza kuzihalalisha. Mama aliyepigwa kofi la paja akiambiwa afungue miguu kama alivyoifungua siku ile hatakiwi kusomewa hesabu zangu za dakika. Aliyefanya hivyo amekosea na awajibishwe. Ninachoomba ni kwamba, baada ya kumwajibisha, mtu afungue pia ratiba ya zamu aone mhusika alikuwa amelala lini mara ya mwisho.

Nirudi kwenye wito. Siku ya mahafali tulishika mishumaa tukala kiapo chenye jina la Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza anayehesabiwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, ingawa hakukiandika yeye. Kiliandikwa mwaka 1893 huko Detroit, Marekani, na kamati iliyoongozwa na muuguzi Lystra Gretter. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, tunamtaja tena kama mfano wa subira na upole. Ningependa tumtaje kwa ukamilifu. Alipofika katika hospitali ya jeshi ya Scutari, ng'ambo ya bahari kutoka Istanbul ya kale, mwaka 1854, wakati wa Vita vya Krimea, askari wa Uingereza walikuwa wakifa zaidi kwa magonjwa kuliko kwa majeraha, na ile taa maarufu aliyozungukia nayo wodini usiku haikuweza kulizuia hilo. Vifo vilishuka sana baada ya tume ya usafi kufika Machi 1855, ikasafisha mifereji ya maji machafu na kuingiza hewa wodini. Aliporudi Uingereza hakuiandikia serikali kwamba wauguzi waongeze upendo. Alikusanya takwimu, mwaka 1858 akazichora kwa rangi ili hata wasiopenda kusoma tarakimu wazione, akawaeleza wakubwa wa jeshi kwamba askari wao waliuawa na uchafu ambao ungeweza kuondolewa. Huyo ndiye ambaye kiapo chetu kinabeba jina lake. Aliyerithi mshumaa wake amerithi na daftari lake la hesabu, na muuguzi anayesimama kwenye kikao na kusema kwamba wakunga wawili hawatoshi usiku yuko ndani ya wito wake kabisa.

Watu husema ng'ombe haelemewi na nunduye. Nundu ni ya ng'ombe mwenyewe, imeota pamoja naye. Zamu tatu za usiku mfululizo kwa sababu nafasi ya aliyestaafu haijajazwa si nundu ya mtu. Ni mzigo uliopakiwa na mwenye ng'ombe.

Kuhusu mapumziko sitaandika mengi, kwa sababu yamekwisha kuandikwa na Bunge. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kazi kwa wiki, saa zisizopungua 12 za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na siku 28 za likizo kwa mwaka. Tatizo letu ni kwamba mwenzako asipofika saa mbili asubuhi, huwezi kuning'iniza koti ukaondoka ukamwacha mama yuko katikati ya uchungu. Maadili yetu yanakukataza, na wewe mwenyewe hutaweza. Kila anayepanga ratiba analijua hilo, na ndiyo maana ratiba zenye mapengo huendelea kufanya kazi: mapengo yanazibwa na dhamiri za watu. Wahudumu wa afya wa jamii wanalijua zaidi yetu. Kenya ilipowazindua zaidi ya laki moja Septemba 2023, posho yao ilipangwa kuwa shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, baada ya miaka mingi ya wengi wao kuzunguka nyumba kwa nyumba bila malipo yoyote, kwa jina la kujitolea.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifundishwa jambo na muuguzi mfawidhi, mama mmoja wa makamo aliyekuwa mkali kwa kila mtu. Kwake sare haikuvuka geti. Ukimaliza zamu ulinawa hadi kwenye viwiko, ukavua gauni jeupe, ukavaa nguo zako za nyumbani, na kama alikukuta kituo cha daladala ukiwa na sare alikurudisha. Sababu aliyotupa ilikuwa ya kuzuia maambukizi, na ni ya kweli. Lakini usiku mmoja nilipompoteza mtoto, mama yake akiwa binti wa miaka 18 aliyekuwa ananishika mkono na kuniita dada, nilikwenda mezani kuanza kuandika ripoti huku kalamu ikinitetemeka. Yule mama mfawidhi alikuja akaichukua kalamu, akaniwekea kikombe cha chai ya rangi yenye tangawizi, akavuta kiti akakaa kando yangu. "Kunywa kwanza, mwanangu. Karatasi itasubiri." Alikaa pale hadi nilipomaliza, hakusema jambo jingine, kisha yeye mwenyewe akaenda kukaa na yule binti ili nipate muda wa kunawa uso. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu usiku ule tulikuwa watatu. Sijawahi kuhudhuria semina ya afya ya akili mahali pa kazi iliyonifaa kuliko kikombe kile, na sijui nitamfanyia nani vilevile, kwa kuwa siku hizi aliye zamu ya usiku mara nyingi hana mtu wa kumshikia kalamu.

Ninawaambia vijana ninaowafundisha waombe likizo yao yote, wasiione aibu kuzima simu siku ya mapumziko, na wawe na jambo moja maishani lisilohusiana na hospitali, liwe kwaya, bustani au vikoba. Wanasikiliza vizuri. Halafu ninawakuta siku yao ya mapumziko wako wodini, kwa sababu wamepigiwa simu.

Mwenzetu yule tuliyemuaga anakwenda kufungua duka la vifaa vya shule, karibu na kwao. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba amechoka kurudi nyumbani akiwa hana neno lililobaki kwa mwanawe. Usiku wa ile siku tuliyomuaga nilikuwa zamu, na saa nne na nusu simu yangu ikalia kwa ujumbe wake. Aliuliza kama yule mama wa kitanda cha nne, ambaye shinikizo lake la damu lilikuwa linapanda wakati anakabidhi zamu asubuhi, amejifungua salama. Nilimjibu kwamba amejifungua saa kumi na mbili jioni, mtoto wa kike, kilo 2.9, na mama anakunywa uji. Aliandika, "Alhamdulillahi, basi nilale sasa."