Kamera Imeona Gari, Dereva Je?

Kila faini za kamera za mwendo barabarani zinapotajwa, hapa Malindi anayezipinga huonekana mtetezi wa wenda mbio. Anaonewa.

Uzuri wa kamera haukatalikani: haiombi kitu kidogo, na usiku inaona. Pale Gede, njia ya Watamu inapoingia barabara kuu, gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kwa sekunde moja. Bodaboda akichomoka, mguu wa dereva haujafika kwenye breki.

Hata rada, kipima mwendo cha kamera, kukaa mshazari na barabara humfaa dereva: kwa digrii 20, mwendo wa 80 husomeka 75. Penye utata ni matatu ikilipita lori. Mwendo husomwa mmoja, na kwenye picha mna magari mawili.

Lakini zisome kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016. Kuzidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo. 6 hadi 10, shilingi 500. 11 hadi 15, shilingi 3,000. 16 hadi 20, shilingi 10,000. Mjini mwisho ni 50. Aliyesomwa 60 atalipa 500, wa 61 atalipa 3,000. Kilomita moja, shilingi 2,500! Na kutoka 65 hadi 66 ni 7,000 zaidi, pato la siku nyingi kwa mtu wa tuktuk. Mashine ikiteleza kilomita hiyo moja, nani atajua? Ndiyo maana mtu apewe haki ya kudai cheti cha upimaji wa mashine kabla hajatoa pesa, na kuuliza kama kibao cha 50 kilikuwapo siku ile.

Halafu jina. Kamera husoma namba ya gari, namba humleta mwenye logbuku. Magari mangapi yameuzwa kwa kuaminiana, logbuku ikabaki kwa jina la kwanza? Faini humfuata aliyeuza. Jimbo la Missouri, Marekani, lilikutana na jambo hili: mwaka 2015 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo ilibatilisha sheria ya St. Louis ya kamera za taa nyekundu, kwa kuwa ilimchukulia mwenye gari kuwa ndiye dereva mpaka athibitishe vinginevyo. Kwetu, Kifungu cha 50 cha Katiba humhesabu mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe.

Kamera ziwekwe, Gede kwanza. Ila faini ije na picha, saa, mahali na nafasi ya kumtaja aliyeendesha, na anayekana asikilizwe na hakimu kabla ya kulipa.