Sitarajii macho Europa

Kila tukichorewa kiumbe wa sayari nyingine, tunachorewa binadamu: miguu miwili, kichwa kikubwa, macho meusi mapana. Hilo linanisikitisha. Mwili hufuata makazi, na yako makazi nje ya Dunia tunayoyafahamu kiasi cha kukisia.

Mimi nautazama Europa, mwezi mmojawapo wa sayari ya Mshtarii (Jupita). Wanasayansi wengi wanaamini chini ya ganda lake la barafu kuna bahari ya chumvi yenye kina cha kilomita 60 hadi 150. Jua halifiki humo kabisa. Sasa macho ya nini? Jicho hula nguvu nyingi, na penye giza la daima vizazi hulipoteza. Huko Somalia, katika maji yaliyo chini ya jangwa, yuko samaki aitwaye Phreatichthys andruzzii: hana macho, hana magamba, hana rangi. Kiumbe wa Europa, kama yupo, namtarajia ahisi mtikisiko wa maji na aonje kemikali, pengine kwa ngozi yake yote.

Hata mdomo si lazima. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, watafiti walikuta chemchemi za maji moto kwenye sakafu ya bahari, zimejaa uhai. Wamo minyoo warefu kupita mita 2, wasio na mdomo wala utumbo. Hulishwa na bakteria waishio ndani ya miili yao, ambao hutumia kemikali badala ya jua.

Na mifupa? Galileo, mwanasayansi wa Italia aliyeugundua Europa mwaka 1610, ndiye aliyeandika mwaka 1638 kwamba mnyama akiwa mkubwa zaidi, mifupa yake lazima inenepe kupita kiasi ili ibebe uzito. Lakini majini uzito hubebwa na maji yenyewe. Tena uvutano wa Europa ni kama 13% tu ya wa Dunia, hivyo kilomita 100 chini mgandamizo hauzidi sana ule wa Mfereji wa Mariana, bonde lenye kina kirefu kuliko yote baharini duniani, ambako wanyama wadogo wa jamii ya kamba wanaishi bila shida.

Chombo cha anga cha Marekani, Europa Clipper, kilirushwa Oktoba 2024, kitafika huko 2030. Wapo wanaolalamika kwamba hakikuundwa kutafuta viumbe, bali kupima barafu, chumvi na kemikali. Kwangu huo ndio mpangilio sahihi. Bila vipimo hivyo, hatutajua hata chombo kitakachofuata kibebe kamera au kibebe kifaa cha kuonja maji.