Rangi ya Macho Sina Haja Nayo, Nambie Nani Walii Wake

Kuna dodoso linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya waandishi chipukizi hapa Unguja. Kila anayeniletea anadhani kaniletea tunu. Mhusika wako ana macho ya rangi gani? Anapenda kinywaji gani? Anafuga mnyama gani? Anaogopa nini usiku akiwa peke yake? Ukishajaza, unaambiwa, mhusika umeshamjua na huwezi tena kumchanganya na mwengine.

Rangi ya macho! Haya, najaza. Makame, meusi. Bi Mize, meusi. Pandu, meusi. Sheha, meusi. Riwaya imeiva hiyo, tupeleke kwa mchapaji.

Najua, wako wenye macho ya paka, na Mji Mkongwe hukosi kukutana nao. Hao waandikeni. Lakini hata huyo mwenye macho ya paka, ukiuliza mtaani kwake ni nani, utaambiwa ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, yule ambaye dada yake kaolewa Wete. Macho yatafuata baadaye, kama yatatajwa. Ndivyo tunavyojuana, na ndivyo msomaji wetu anavyowapanga wahusika kichwani mwake. Dodoso zima halina hata swali moja la nasaba.

Majuzi nimepewa mswada niusome. Sura ya pili, binti kafiwa na baba yake, analelewa na mjomba, kaka wa mama yake tumbo moja, imeandikwa wazi kabisa. Katikati ya kitabu mtu huyo huyo ghafla anaitwa ami. Kufika sura ya tisa yuko mbele ya shekhe, anamuozesha binti kwa mkono wake. Nikamuuliza mwandishi, huyu mjomba au ami? Akanijibu, "Si yote sawa tu, si ndiye mlezi wake?"

Si sawa! Ami ni kaka wa baba, yaani ni asaba, jamaa wa kiume wa upande wa baba. Baba akiwa hayupo, babu mzaa baba hayupo, na kaka hakuna wala mtoto wa kiume wa kaka, zamu ya kumuozesha inamfikia ami, na kwenye mirathi pia atatazamwa. Mjomba hana uwalii, haki ya kumuozesha, hata kama kamlea binti tokea mchanga, kamsomesha, kauza shamba lake la mikarafuu kwa ajili yake. Labda walii mwenyewe amfanye wakili wake. Na hapo ndipo riwaya ilipokuwa, jamani! Mwanamme kalea kwa jasho lake, siku ya ndoa hana kauli. Ami aliyekuwa Tumbatu miaka yote, hajawahi kuleta hata kitambaa cha skuli, anateremka na kanzu iliyopigwa pasi, anakaa pale mbele, watu wanampa mkono. Mjomba afanye nini? Anyamaze? Aende kumwomba mtu asiyemheshimu? Na binti atamtazama nani siku ile? Mgogoro wote huo ulikuwa umelala ndani ya mswada, mwandishi kaupita juu juu, kwa sababu daftari lake la wahusika limejaa vinywaji.

Bibi yangu hasomi herufi za kizungu, msahafu tu. Lakini muweke mbele ya mchezo wa redio uone. Siku moja mjane wa mchezoni kasimama barazani anacheka na mwanamme anayemtaka, sote tumeshughulika na maneno matamu, bibi kanyanyua kichwa: "Huyu keshatoka eda?" Akaanza kuhesabu siku anazongoja mjane kabla ya kuolewa tena. Mazishi yalikuwa kabla ya Idi, Idi imepita juzi tu, miezi minne na siku kumi haijafika, wala mimba hatukuambiwa kuwa alikuwa nayo ikazaliwa, eda ikamalizika. Mchezo ukafa pale pale. Msikilizaji wako ndiye huyo. Usimwandikie mtu wa mbali anayetaka kujua macho.

Na kunyonya je? Ukisema kwa kupita kwamba mama wa kijana alimnyonyesha mtoto wa jirani aliyefiwa na mama yake, liandike daftarini kwa wino mwekundu. Sura kumi mbele ukiwapendanisha watoto hao, umewapendanisha ndugu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii undugu huo ni kwa kunyonya mara tano ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na wewe ndiye utakayejua alinyonya mara ngapi, kwa sababu wewe ndiye uliyemtunga.

Tenga pia ukurasa wa nani anamwita nani vipi. Bi Zuwena wa sura ya kwanza, akishajifungua, kwa mumewe na kwa majirani ni Mama Saidi. Akiendelea kuitwa Zuwena na kila mtu, nitajua umesahau kuwa ulimzalisha.

Tunaambiwa tena kila mhusika apewe jina linaloanza na herufi yake peke yake. Sawa, inamsaidia msomaji, sikatai. Lakini ukoo wa Pemba usiokuwa na Hamad wawili, mmoja wa babu na mmoja wa mjukuu aliyerithi jina, ni ukoo gani huo? Fanyeni wanavyofanya wenyewe: Hamad Mkubwa, Hamad wa Bi Time, Hamad Fundi. Mambo yamekwisha.

Mtaniambia hata wakubwa wamekosea. Kweli. Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, alimpa Watson, rafiki wa Holmes, jeraha la risasi begani katika kitabu cha 1887, na katika kile cha 1890 jeraha liko mguuni, na watu wanamsoma mpaka leo. Amesalimika. Bega na mguu havikubadilisha nani amuozeshe nani.

Kuhusu chombo cha kuwekea kumbukumbu hizi sina ugomvi. Daftari la mistari, Excel, simu, vyovyote. Vikaratasi vya kubandika ukutani tu ndivyo nisivyovishauri. Masika ya hapa yatavibandua vyote.

Ila kila mhusika mwekeeni miaka, na miaka ya aina mbili, ya Miladia na ya Hijria. Mapinduzi ni tarehe 12 Januari 1964, na Ramadhani ya mwaka ule iliingia siku chache tu baadaye. Aliyezaliwa katika mfungo ule, mwaka 1975 ana kiasi cha miaka kumi na moja, anaanza kufunga kikweli, na Ramadhani imesharudi nyuma mpaka Septemba, kwa sababu kila mwaka inawahi siku kama kumi na moja. Nimeshaona mswada ambao mtoto wa umri huo, mwaka huo huo, anafuturu Chake Chake, Pemba, huku mvua ya masika inapiga bati. Wako wazee Chake waliofunga mwaka ule na wako hai. Mpelekee mmoja wao sura hiyo, akuulize masika ya Septemba uliyaona wapi.