Mgao

Neno "mgao" nililiacha Dar es Salaam pamoja na mishumaa na madumu ya maji, nikiamini kwamba huku Marekani, ambako taa haizimiki mpaka mwenyewe uizime, halitakuwa na kazi. Miaka kumi na moja ikapita. Kisha timu ya chuo nilichosoma, chuo ambacho sitakitaja kwa kuwa bado kinanidai faini ya maegesho, ikafika fainali ya taifa ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbatia mpira na kukumbatiana, nami nikapokea barua pepe iliyonieleza kuwa mgao wetu wa tiketi utaendeshwa kwa haki. Mtu aliyekulia kwenye mgao akisikia neno "haki" limewekwa jirani nao, hushika mfuko wake.

Nisiwe mchoyo wa ukweli: tiketi zenyewe ni chache. Tangu mfumo huu wa mchujo ulipoanza na fainali yake ya kwanza ikachezwa Arlington, Texas, Januari 2015, mechi hiyo hupelekwa kwenye uwanja ambao si wa chuo chochote, nao mara nyingi huwa mdogo kuliko viwanja vya vyuo vikubwa. Ule wa Michigan, pale Ann Arbor, peke yake una nafasi za watu 107,601, ilhali fainalini chuo kinachocheza hukabidhiwa tiketi zipatazo 20,000 na kuambiwa kiwagawie watu wake. Kwa hiyo sina ugomvi na sufuria. Ugomvi wangu ni na aliyeshika upawa.

Mama alikuwa akinisimulia foleni za sukari za mwaka 1983, ambapo mtu aliweka jiwe mahali pake alfajiri, akaenda kuchota maji, na aliporudi alilikuta jiwe lake na zamu yake vikimngoja. Foleni ya chuo chetu ilikuwa kwenye skrini. Nilifungua ukurasa saa tatu kamili asubuhi, nikiwa nimetoka zamu ya usiku, nikaambiwa kuwa mimi ni mtu wa 14,212 na kwamba nikiufungua upya nitapoteza nafasi. Chini ya maandishi hayo palikuwa na kimtu cha kijani kikitembea mahali pamoja, miguu ikienda, mwili umebaki. Mke wangu alipita na kikombe cha chai, akakitazama.

"Baba watoto, huyo anakwenda wapi?"

"Fainali."

"Basi mwambie awasalimie watakaofika."

Saa sita na dakika ishirini mlango ulifunguka, nami nikagundua kuwa foleni ile ilikuwa ya kwenda kuulizwa swali. Swali lilikuwa moja: una pointi ngapi? Kumbe kila dola 100 unazokichangia chuo ni pointi moja, na tiketi hugawiwa kwa kufuata pointi. Kwa miaka sita nimetoa dola 50 kila mwaka, kwa moyo mweupe, nikidhani ni sadaka, kumbe nilikuwa nimejiwekea pointi tatu. Daraja la chini kabisa la wafadhili waliopata tiketi lilianzia pointi 900. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu: nikiendelea na mwendo huu bila kukosa, nitafika huko baada ya miaka 1,794, na kwa umri huo sidhani kama nitaweza kupanda ngazi za jukwaani.

Waliobaki walipangiwa mafungu yao: wenye tiketi za msimu, familia za wachezaji, wanafunzi waliopigiwa bahati nasibu, na bendi. Bendi siionei kijicho, ila naomba ieleweke kwamba lile tarumbeta kubwa linalovaliwa shingoni lina kiti fainali, na mimi niliyelipa ada kwa miaka minne sina.

Jioni hiyo hiyo tiketi za fainali zilikuwa zimekwisha kujaa kwenye tovuti za kuuzia upya, kwa bei ambayo ingenipeleka Dar es Salaam na kunirudisha, tena na mizigo. Mwaka ule wa foleni za sukari, Sokoine aliwasaka walanguzi nyumba kwa nyumba. Huku mlanguzi ana huduma kwa wateja, na juu ya bei yake huongeza ada ya kukuhudumia.

Na kwa kuwa fainali huchezwa Jumatatu usiku, nilikuwa nimekwisha kubadilishana zamu na wenzangu kazini, Jumamosi tatu kwa Jumatatu moja. Jumatatu hiyo nilikaa sebuleni na jezi yangu mpya, nikitazama tarumbeta kwenye televisheni.

Alhamisi simu ikalia. Alikuwa kijana mpole, mwanafunzi wa chuo, akinisomea kwenye karatasi kwamba mchango wangu ndio uti wa mgongo wa familia yetu kubwa. Nilimwachia yote, kuanzia kimtu cha kijani hadi pointi 900. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye bahati nasibu ilimwacha. Halafu akarudi kwenye karatasi yake: je, mwaka huu aniandikie dola 50 kama kawaida?

Nikamwuliza zitanifikisha pointi ngapi. Akahesabu, akasema tatu na nusu.

Nikamwambia aandike.